Swali la lugha: Limfoma tuiiteje, kansa ya damu au ya tezi?

Msomaji wa Ngamiani, Tanga, anauliza: kaka yake anaishi na VVU, juzi kaambiwa ana limfoma, sasa nyumbani kila mtu anaiita lake, shangazi anasema kansa ya damu, jirani kansa ya tezi, na kuna aliyesema kansa ya ukimwi. Lipi sahihi?

Pole na kuuguza bibie. Shangazi hajakosea sana, maana ugonjwa wenyewe unaanzia kwenye chembe nyeupe za damu zinazoitwa limfosaiti, ila watu wakisema kansa ya damu kawaida wanamaanisha lukemia, na limfoma mara nyingi inajitokeza kama uvimbe, shingoni, kwapani, kinenani, hata tumboni. Ya jirani ndo inachanganya zaidi, mwilini tezi ni nyingi, ukisema hivyo barazani wanaume watasikia tezi dume na kina mama watasikia rovu.

Mi ningesema saratani ya mitoki. Najua kwetu mtoki ni kale kauvimbe ka kinenani ukiwa na kidonda mguuni, kwa hiyo kuna watakaoona mnatania, lakini tezi zinazovimba ni zile zile ambazo limfoma nayo inazivimbisha. Ila msigeuze kila mtoki kuwa saratani, kwa mwenye VVU hata TB inavimbisha mitoki, ndo maana hospitali wanakata kinyama wakipime kwanza.

Hiyo ya kansa ya ukimwi iacheni kabisa! Limfoma inampata yeyote, ile ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Uganda, ilionekana kwa watoto miaka mingi kabla VVU havijajulikana. Kweli VVU vinaongeza hatari, kinga ikishuka virusi vingine kama vya Epstein-Barr vinapata mwanya, na baadhi ya limfoma zinahesabiwa kuwa dalili kwamba mtu kafikia hatua ya ukimwi. Lakini hatua siyo jina la ugonjwa, na kaka akiitwa hivyo mtaani hata kliniki ataona aibu kwenda, wakati anatakiwa aendelee na ARV huku anatibiwa saratani.

Halafu sarufi kidogo, limfoma ni ngeli ya I-ZI, sema limfoma yake imegundulika, siyo limfoma wake kagundulika, hilo nimelisikia hadi kwa wasomi.