Ukiratibu mpango wa usafiri wa halmashauri kadhaa, ramani iache kabatini kwanza

Mkuu, umeuliza: umeteuliwa kuratibu mpango wa pamoja wa usafiri wa halmashauri tano, huna mamlaka juu ya hata moja, kikao cha kwanza ni mwezi ujao, uanzie wapi? Na je, mwenyekiti wa vikao atoke halmashauri kubwa? Kazi hiyo nimeifanya miaka saba, kwa halmashauri sita, na ofisi ya watu wanne. Najibu kwa kirefu kwa sababu umetaja kwamba mtaalamu mshauri ameshakuchorea ramani ya mtandao wa baadaye na unataka kuizindua siku hiyo.

Usiipeleke.

Mimi niliipeleka ya kwangu. Ilikuwa ramani nzuri, ya rangi, tukaibandika ukutani kabla wajumbe hawajaingia. Walipofika hakuna aliyekaa. Walisimama wote mbele yake, kila mmoja kidole kikitafuta kwake. Mmoja aliufuata mstari mwekundu mpaka akaona unakatika kabla ya kufika makao makuu ya halmashauri yake, akanigeukia, akaniuliza kwa upole kabisa, "Sisi tumekosa nini?" Miezi sita iliyofuata kazi yetu ilikuwa kurefusha mistari. Kila aliyelalamika aliongezewa wake, funika kombe mwanaharamu apite, mpaka ramani ikawa utando wa buibui, na fedha za kujenga hata kipande chake hazikuwepo.

Kabla ya ramani malizeni kwanza hesabu ya watu. Omba kila halmashauri makadirio yake ya wakazi na ajira kwa miaka 20 ijayo, kisha kaa peke yako uyajumlishe. Nilipoyajumlisha ya kwetu, eneo letu dogo lilikuwa na watu wengi kuliko makadirio ya serikali kuu kwa mkoa mzima! Siwezi kusema kuna aliyedanganya. Kila mchumi alijua ruzuku inafuata vichwa, na kila mmoja alikuwa na kiwanda "kinachokuja", ila wafanyakazi wale wale walishahesabiwa kwenye halmashauri tatu. Ukiingiza takwimu hizo kwenye modeli ya safari, yaani programu ya kukadiria watu watasafiri wapi na kwa wingi gani, kompyuta itakuonyesha foleni kila kona na kila barabara itaonekana inastahili kupanuliwa. Tuliwaweka wachumi sita chumba kimoja siku mbili, jedwali moja, sharti moja: jumla iliyoandikwa mwisho wa jedwali haibadiliki, ukitaka kuongeza kwako mwombe jirani apunguze kwake. Siku ya kwanza ilikuwa kelele tupu. Ya pili, saa kumi jioni, wakasaini wote. Ile karatasi imenisaidia kuliko ripoti yoyote niliyowahi kuandika, maana baada ya hapo aliyetaka kubishia foleni alikuwa anabishana na saini ya mchumi wake mwenyewe.

Halafu kigezo cha kuchagua miradi. Hapa watazame Greater Manchester ya Uingereza, halmashauri 10. Desemba 2008 waliwapelekea wananchi kura ya maoni: kubalini kutozwa mnapoingia mjini na gari saa za msongamano, nasi tutawekeza kwa wingi kwenye usafiri wa umma. Karibu asilimia 79 ya waliopiga kura walikataa, na hakuna hata halmashauri moja iliyosema ndiyo. Ungedhani ushirikiano umeishia hapo. Mwaka uliofuata viongozi walikuja na mfuko wa pamoja wa usafiri, na kilichouwezesha ni kwamba walikubaliana kipimo: mradi upangwe kwa mchango wake katika uchumi wa eneo zima ukilinganishwa na gharama yake. Mamlaka yao ya pamoja iliundwa 2011. Mabasi, ambayo yaliachiwa soko huria Oktoba 1986, yalirudi chini ya usimamizi wa umma kwa awamu kati ya Septemba 2023 na Januari 2025. Hesabu mwenyewe hiyo miaka, halafu kumbuka wajumbe wako wanahesabu kwa chaguzi.

Sisi tulipigia kura uzito wa vigezo kabla mradi wowote haujatajwa jina. Kulikuwa na mjumbe aliyesimama kidete kwamba usalama wa waenda kwa miguu upewe uzito mkubwa, na alikuwa sahihi. Baadaye kigezo hicho hicho ndicho kilichouangusha mradi wake wa barabara ya mchepuko. Alikunja uso, lakini hakusema ameonewa. Mkono wake uliinuka, na umo kwenye muhtasari.

Fedha. Marekani imekuwa ikidai mipango ya pamoja tangu sheria ya 1962: eneo la mji lenye watu zaidi ya 50,000 lisipokaa pamoja kupanga, fedha za barabara za serikali kuu zinakuwa taabu kupatikana. Ila kwa maoni yangu meno yaliota na sheria ya 1991, iliyokataza mpango kubeba miradi isiyo na chanzo cha fedha kinachoeleweka. Unataka kuingiza mradi? Onyesha fedha, au sema unatoa upi. Kama sheria ya kwenu haisemi hivyo, jiwekeeni wenyewe. Bila sharti hilo orodha ni ya ndoto, na kila ndoto ina mtu atakayekuja kuidai.

Na fedha za kujenga ndizo rahisi. Tulijenga kituo kikubwa cha mabasi karibu na mpaka wa halmashauri mbili, kikazinduliwa kwa utepe na hotuba. Miezi minne baadaye taa zikazimika. Ankara ya umeme ilikuwa inasafiri: hawa wanaipeleka kwa wale kwa barua yenye muhuri, wale wanairudisha kwa barua yenye muhuri. Abiria wakawa wanawasha tochi za simu kutafuta basi lao. Kosa lilikuwa langu. Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi kuhusu nani anajenga, na haukuwa na mstari hata mmoja kuhusu nani analipa umeme, nani anafagia, nani anabadilisha kioo kikivunjika. Sasa hivi mradi usio na karatasi ya uendeshaji iliyosainiwa siupeleki mezani.

Kuhusu kura, halmashauri kubwa zitataka zipimwe kwa idadi ya watu, ndogo zitataka kila moja kura moja. Chukueni zote mbili, uamuzi upite ukiwa na wengi wa wanachama na wengi wa wakazi. San Diego kule Marekani, chombo chao cha miji 18 na kaunti, SANDAG, kilikuwa na utaratibu wa namna hiyo. Sheria ya jimbo ya 2017 ikaruhusu kura ya uzito wa watu peke yake ishinde, na tangu hapo miji midogo inalalamika kwamba inaitwa kuja kushuhudia. Halmashauri ndogo ikishajiona shahidi tu, itaanza kutuma mwakilishi wa mwakilishi, na akidi itakuwa ugonjwa wako wa kila mwezi.

Usiwasahau mainjinia, maana wao watakuwepo bado wenyeviti watakapoondoka. Niliwachukua wawili wa halmashauri jirani tukaenda kwa miguu mpaka jiwe la mpaka, na futi ya kupimia mkononi. Upande huu njia ya miguu ilikuwa ya mita mbili, ikafika kwenye jiwe ikaishia kwenye mtaro wa wazi. Ng'ambo ya mtaro ilianza nyingine, nyembamba, juu kidogo. Tukiwa pale akapita kijana na baiskeli, akashuka, akaibeba begani, akaruka, akaendelea na safari bila hata kututazama. Wakafungua michoro yao juu ya boneti ya gari. Kwenye mchoro wa huyu, ng'ambo ya mpaka ilikuwa karatasi nyeupe. Kwenye wa yule, vivyo hivyo. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Walianza kubishana kuhusu kipenyo cha kalvati, nikajua hapo sihitajiki tena.

Kwa hiyo mwezi ujao nenda na ajenda mbili, hesabu ya watu na namna ya kupiga kura. Mshauri wako atanuna, mwache anune.

Uenyekiti usiwape wakubwa moja kwa moja, zungusheni kila mwaka. Vikao navyo vizunguke, na ukiweza waombe wajumbe waje kwa basi. Mara yetu ya kwanza wawili walichelewa dakika arobaini, mmoja viatu vimejaa tope, na hoja ya kuoanisha ratiba za mabasi, iliyokuwa imekwama vikao vitatu, ikapita bila mchangiaji hata mmoja.