Siku ya Mashujaa Tanzania: 25 Julai

Siku ya Mashujaa ya Tanzania, ya kuwakumbuka askari waliofia vitani, ni 25 Julai, ndugu, na si siku ya mapumziko. Kazini unaenda kama kawaida. Kama umeona mahali imeandikwa 20 Oktoba, hiyo ni Mashujaa ya Kenya, ambayo zamani iliitwa Kenyatta Day. Wao hupumzika, na inawahusu wapigania uhuru na mashujaa wengine pia, si askari peke yao.

Kwetu Tanzania utaijua kwa zile silaha za jadi zinazowekwa kwenye mnara wa mashujaa: Rais anaweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, Meya upinde na mshale, na mwakilishi wa wazee waliopigana vitani anaweka shoka. Kiongozi wa mabalozi ndiye huweka shada la maua. Halafu viongozi wa dini wanaomba. Hutangazwa TBC, televisheni ya taifa, ndiko nilikoishika.

Mahali hubadilika lakini. Miaka mingi ilikuwa Mnazi Mmoja, Dar, siku hizi mara nyingi Dodoma, na imewahi kufanyika Kaboya, Muleba, kwenye makaburi ya askari wa vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Kwa hiyo angalia tangazo la mwaka husika kabla hujafunga safari.