Masomo ya Misa kati ya Noeli na Mwaka Mpya

Ndugu, umeuliza kwa nini tarehe 26 Desemba padre alivaa nyekundu na tukasomewa habari za mtu kupigwa mawe, ilhali ulitarajia hori na wachungaji. Siku hiyo ni ya Mtakatifu Stefano Shahidi, yaani aliyeuawa kwa ajili ya imani, ndiyo sababu ya nyekundu, na somo la kwanza hutoka Matendo ya Mitume 6 na 7. Tarehe 27 ni ya Mtume Yohane, 28 ya Watoto Mashahidi, wale waliouawa na Herode. Kuanzia 27 hadi 31 husomwa Waraka wa Kwanza wa Yohane, usiobadilika kwa Mwaka wa I wala wa II, ile miaka miwili ya kupokezana ya masomo ya Misa za katikati ya juma (mimi niliwahi kuutafuta kwa kufuata miaka hiyo, nikaduwaa mimbarini). Sikukuu hizo zikiangukia Jumapili, kwa kawaida sikukuu ya Familia Takatifu (Yesu, Maria na Yosefu) huchukua nafasi yake. Basi ukipangiwa kusoma, muulize kwanza katekista wako.