Babu yangu amezikwa kihamba kipi?

SWALI: Shikamoo Mama. Naishi Sakina, Arusha, nina miaka 41. Baba yetu alifariki mwaka jana na tulimzika hapahapa Arusha, maana hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Alitoka Machame, Kilimanjaro, akiwa kijana baada ya kugombana na ndugu zake kwa ajili ya shamba, na hakurudi tena. Ninalo jina la ukoo, na najua kwamba babu alikuwa Mlutheri na alifariki kabla ya Uhuru. Kila nikipita Moshi natazama mlima na kujiuliza amelala upande gani. Nianzie wapi? (Msomaji wa Sakina)

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mzee.

Nilishika vitabu vya usharika, yaani kumbukumbu za kanisa la Kilutheri la mahali, kwa miaka 26, kwa hiyo nianze na hivyo. Wamisheni wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na vitabu vya ubatizo vilianza nao. Nenda ofisi ya usharika siku ya kazi, asubuhi, na barua ya utambulisho kutoka kwa mchungaji wako wa Arusha. Usiulize kaburi. Uliza ubatizo wa babu, kwa sababu hapo ndipo panapoandikwa jina la baba yake, la mama yake, mtaa wao na wadhamini wa ubatizo. Kitabu cha mazishi kitakupa tarehe na mtaa tu.

Majina yatakusumbua. Babu huenda alijulikana nyumbani kwa jina la Kichaga, kitabuni akawa na jina la ubatizo ambalo baba yako hakulitaja hata mara moja. Tena kurasa za zamani ziliandikwa na Wajerumani kwa tahajia yao: Moshi ni Moschi, Machame ni Madschame, na Yohane huanza na J. Wapo waliorudi nyumbani mikono mitupu kwa sababu walitafuta Y. Ukiona jina linafanana kidogo, lisome kwa sauti kabla hujafunua ukurasa mwingine. Na majina ya wadhamini yanakili yote. Mara nyingi walikuwa jirani au ndugu, na wajukuu zao bado wako palepale.

Ukishapata mtaa, kitabu kimemaliza kazi yake. Kwetu Uchagani mtu huzikwa kihambani kwake, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, kwa hiyo unachotafuta sasa ni kihamba, na anayekijua ni aliyebaki nacho. Kwa desturi nyumba ya wazazi hubaki kwa kitinda mimba. Muulizie mdogo wa mwisho wa baba yako, au watoto wake. Huyo ndiye aliyekatia ng'ombe majani juu ya kaburi hilo maisha yake yote.

Usitegemee kukuta jiwe lenye jina. Wazee walinisimulia kwamba zamani, kabla ukristo haujashika, baba mwenye watoto alizikwa ndani ya nyumba, kisha baadaye mifupa yake ikahamishiwa migombani na masale, ule mmea wa majani marefu, yakapandwa hapo. Saruji na marumaru ni mambo ya juzi. Kaburi la bibi yangu mzaa baba nilioneshwa na baba mdogo. Alisimama kwenye mfongo, yaani mfereji wa maji, akageuza uso kuelekea kilele cha Kibo, akahesabu hatua 14, akapinda kushoto penye mti wa mringaringa. Akafagia majani makavu ya mgomba kwa ubapa wa panga. Palikuwa na mawe matatu, kila moja ukubwa wa chungu, na masale marefu kunipita mimi. Nilipiga magoti, nikagusa jiwe la katikati, lilikuwa la baridi na lina unyevu. Baba mdogo alifariki mwaka uliofuata. Hatua zile 14 hakuna mwingine aliyezijua, hata wanawe.

Sasa nikuambie jambo ambalo linanipa wasiwasi kuliko kitabu. Mtoto wa aliyeondoka kwa ugomvi wa shamba akitokea ghafla kuuliza makaburi, watu hawasikii kaburi. Wanasikia shamba. Kaburi ni ushahidi wa nani mwenye kihamba, kila mtu analijua hilo, na ukianza kupiga picha mipaka utafungiwa geti. Kwa hiyo usiende peke yako, na usianze na simu mkononi. Tafuta mzee wa ukoo hapo Arusha akutangulie (misibani hawakosekani), nunueni sukari na chumvi. Na mwambie huyo mzee achukue jani la masale, alifunge fundo kama inavyojulikana kwetu. Mchaga akiletewa masale ameombwa msamaha, na kulikataa ni jambo zito mno. Baba yako hakupata nafasi ya kulipeleka. Lipeleke wewe kwa niaba yake, na sema mapema, kabla ya chai, kwamba hukuja kudai hata mgomba mmoja.

Desemba wote wanarudi nyumbani, lakini nyumba inajaa na hakuna atakayekuwa na subira ya kukutembeza migombani. Nenda Januari au Februari, kabla mvua hazijaanza. Siku watakapokuonesha, omba ruhusa kwanza, kisha simama juu ya kaburi upige picha tatu: ukielekea mlango wa nyumba, ukielekea mfongo, na ukielekea mlima. Hesabu hatua. Ziandike jioni hiyohiyo.

SWALI: Babu wa mama yangu alichukuliwa na Wajerumani kubeba mizigo wakati wa vita vya kwanza, hakuonekana tena. Je, yumo kwenye makaburi ya vita hapa Moshi? (Msomaji wa Majengo)

JIBU: Hapana, mwanangu, na ni uchungu kukujibu hivyo. Waingereza waliingia Moshi Machi 1916, na Wajerumani wakarudi kusini wakiwa na wapagazi wao, wakapigana hadi Msumbiji, na kusalimu amri Novemba 1918 kule Abercorn, ambako sasa ni Mbala, Zambia. Babu anaweza kuwa popote kwenye njia hiyo. Wapagazi wengi sana wa pande zote mbili walizikwa bila alama. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika wengi waliokufa wakiwatumikia Waingereza hawakukumbukwa ipasavyo, na kuomba radhi. Ila mke wake alibaki, akazeeka, akazikwa nyumbani. Kaburi hilo mnalijua. Mkilijengea, andikeni majina mawili.