Jiko la mbele: kwa wanaoanza kuhudumia daraja la biashara

Ukitoka chuo cha hoteli Kisumu, Nakuru au Kakamega na kuajiriwa kwenye ndege, huenda tayari unajua kukunja kitambaa, kumimina divai na kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja. Hayo yatakufaa, lakini siyo yanayowaangusha wageni wa kazi hii. Wanaangushwa na hesabu: ya sahani na ya dakika. Abiria wa mbele anapoletewa nyama iliyokauka au kuambiwa samaki amekwisha, kosa halikutokea pale alipoketi. Lilitokea jikoni, na mara nyingi ndege ikiwa bado chini.

Tunazungumzia safari za wastani: Nairobi hadi Johannesburg, takriban saa 4 hewani, au Nairobi hadi Dubai, takriban saa 5. Kisumu hadi Nairobi hata saa moja haifiki. Hapo kazi ni kinywaji na kitafunio, basi. Safari ya usiku ya kwenda Ulaya ina nafasi ya kurekebisha ulipoteleza. Hii ya katikati ndiyo yenye kubana. Chakula ni kamili, tangu kitangulizi hadi kitindamlo, lakini ukitoa muda wa kupaa na wa kushuka unabaki na saa 3 hivi, na abiria naye anazitaka hizo hizo alale au afungue kompyuta yake.

Kabla mlango haujafungwa

Watu wa kampuni ya chakula watakuja na karatasi na kutaka uisaini upesi, kwa kuwa kuna ndege nyingine inawangoja. Usisaini kwa kuambiwa "zote zimo". Fungua kila toroli, vuta kila droo. Hesabu vyakula vikuu kwa aina, si kwa jumla. Abiria wakiwa 12 na menyu ina ng'ombe, samaki na mboga, sahani 12 ambazo ndani yake za samaki ni mbili tu si hesabu kamili, na ni heri ulijue hilo wakati bado kuna mtu wa kupigiwa simu. Kisha hesabu vile vidogo ambavyo hakuna anayevikumbuka: koleo za mkate, vitambaa vya meza, vijiko vya chai, limau, glavu za oveni. Glavu zikikosekana utashika bakuli la kaure lenye moto kwa kitambaa chenye unyevu, na mvuke utakupita hadi kwenye vidole.

Vyakula maalum vinataka utulivu wa peke yake. Linganisha jina, namba ya kiti na herufi nne zilizo kwenye lebo. VGML haina chochote cha mnyama, hata siagi. AVML ni mboga zilizoungwa kwa viungo vya Kihindi, na maziwa yanaweza kuwamo. HNML si chakula cha mboga: ina nyama au samaki, ila si ng'ombe. Anayechanganya hizi mbili za mwisho anampelekea nyama mtu ambaye huenda hajaionja tangu kuzaliwa. KSML, chakula cha Kiyahudi (kosher), huja imefungwa kwa lakiri. Mwonyeshe abiria ikiwa hivyo hivyo, omba ruhusa yake, ndipo uipashe.

Chakula baridi kipokelewe kikiwa nyuzi 5 au chini yake. Kipimajoto kiweke katikati ya pakiti mbili zilizobanana, usitoboe chakula cha mtu. Ndege ikichelewa, kumbuka kwamba muda unahesabiwa tangu chakula kilipotoka friji ya ardhini, si tangu kilipofika mikononi mwako. Ukiona barafu kavu ndani ya toroli, usiiguse kwa mkono mtupu: ina takriban nyuzi 78 chini ya sifuri na inachoma kama moto. Usiitupe kwenye sinki, wala usiifungie kwenye chombo kisichopumua, maana inageuka gesi na gesi hiyo inataka pa kutokea.

La mwisho kabla ya kuketi: fungua oveni zote utazame ndani kabla ya kuwasha chochote. Watu huhifadhi humo menyu, glavu, hata mfuko wa plastiki wa mikate, halafu husahau. Ikitokea moshi, usifungue mlango wa oveni kuchungulia. Uache umefungwa, kata umeme, toa taarifa, kisha fuata hatua ulizofundishwa. Hewa unayoiingiza kwa kuchungulia ndiyo inayoulisha moto.

Huko juu ni kama Molo

Ndege ikishafika juu, shinikizo la hewa ndani yake huwa kama la mahali penye mwinuko wa mita 1,800 hadi 2,400, kutegemea aina ya ndege. Kisumu iko kwenye mita 1,100 na kidogo, Nakuru 1,850 hivi. Basi abiria ni kama ameketi Nakuru, au amepandishwa akakaribia Molo, ila hewa ya humu ni kavu kuliko Molo yoyote. Maji ambayo Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hapa yanaweza kuchemka kwenye 92 au 93. Chai ya pakiti inayotiwa dakika mbili kisha kutolewa itakuwa maji ya rangi. Iache dakika 4 au 5, na funika birika. Mkenya atakuomba chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani kama ya nyumbani. Jiko la ndege halina sufuria wala moto wa kuipikia, kwa hiyo usimwahidi. Mtengenezee chai nzito kwenye maji kidogo, umpe maziwa yaliyopashwa. Wengi huridhika. Wa Kericho hawaridhiki, lakini hao hata hotelini ni vigumu kuwaridhisha.

Ukavu huo na kelele za injini hupunguza ladha ya chumvi na ya sukari mdomoni. Wapishi wa ardhini wameshalizingatia hilo, hivyo usiongeze chumvi jikoni kwa kuonja mwenyewe. Peleka chumvi, pilipili na kipande cha limau, abiria ajiamulie.

Hewa iliyofungiwa kwenye pakiti nayo hutanuka. Vikombe vya mtindi na vya maziwa huvimba, na ukikifungua kimoja juu ya shati la mtu, utakuwa umempaka. Fungua ukiwa jikoni, mdomo wa kikombe ukiuelekeza mbali nawe. Shampeni ishikwe kizibo kwa kitambaa, kisha uzungushe chupa, si kizibo. Soda isiyo na sukari hutoa povu kuliko nyingine zote. Imimine kwanza, umimine vinywaji vingine huku ikitulia, uirudie.

Oveni

Hapa ndipo kazi inapopimwa. Chakula kikuu hupandishwa ndegeni kikiwa kimepikwa na kupozwa. Nyama ya ng'ombe mara nyingi imebabuliwa nje tu, ndani ikiachwa bila kuiva kabisa ili oveni imalizie. Kwa kawaida upashaji huchukua dakika 20 hivi, ila karatasi ya maelekezo ya menyu ya siku hiyo ndiyo mwamuzi. Samaki humaliza mapema kuliko nyama. Ukimweka pamoja na ng'ombe na kuwatoa pamoja, mmoja wao lazima akulaumu. Weka samaki kwenye oveni ya pili, au mwingize dakika 6 hadi 8 baadaye.

Moto hausambai sawasawa. Feni iko nyuma, kwa hiyo bakuli za nyuma hukauka wakati za mbele bado ni vuguvugu. Nusu ya muda ikifika, zigeuze rafu. Usizibe nafasi kati ya bakuli na bakuli kwa kutaka zote ziingie; hewa isipopita hakuna kitakachoiva. Wali huwa mgumu juu: ukiruhusiwa, nyunyizia kijiko kimoja cha maji chini ya foili. Viazi vya kuoka navyo vinataka kinyume chake, foili itoke dakika 5 za mwisho vipate kukauka. Mkate dakika 6 hivi unatosha. Ukizidisha unakuwa laini ukiwa mkononi mwako na jiwe ukifika safu ya tatu.

Kabla ya kupakua, pima katikati ya bakuli lililokuwa mahali penye moto hafifu zaidi. Likifika nyuzi 75, mengine yamefika. Kilichopashwa mara moja hakirudi oveni mara ya pili, hata abiria akilala na kusema "nitakula baadaye". Ndiyo maana chakula cha anayelala huachwa kwenye baridi tangu mwanzo, na hilo utalijua tu ikiwa ulimwuliza kabla ya kuwasha.

Dakika

Katika maelezo ya kabla ya safari, mwulize rubani mambo mawili: muda wa hewani, na mtikisiko unatarajiwa dakika ya ngapi. Ndege za kwenda Accra na Lagos hupita upande wa Ziwa Viktoria mara tu baada ya kufika juu, au zikiwa bado zinapanda. Mtu wa Homa Bay hahitaji kuelezwa radi za ziwani za usiku, wala wa Nandi mvua ya mawe ya alasiri. Mawingu hayo hayo ndiyo yatakayokukuta na birika mkononi. Siku hizo huduma huanza baada ya ziwa, na vinywaji vya moto havitoki kabisa mpaka rubani aseme.

Kwa safari ya saa 4 yenye viti 12 na wahudumu wawili, mpango unaofanya kazi ni huu. Mmoja anashika jiko, mwingine ukumbi, na hawabadilishani katikati. Oda zichukuliwe chini, au mara tu taa ya mikanda inapozimwa. Oveni iwashwe karibu dakika ya 40. Vitambaa vya moto na vinywaji vitoke dakika ya 25 hadi 40, kitambaa cha meza na trei ya kitangulizi kufikia dakika ya 45, chakula kikuu dakika ya 60 hadi 65, kitindamlo na jibini dakika ya 85, chai na kahawa mara baada yake, na meza ziwe safi kufikia dakika ya 110. Utaona chakula kingeweza kuwa tayari mapema kuliko abiria. Hiyo ndiyo sababu ya kutowasha oveni kwa pupa. Wageni wa kazi hudhani kuwahi ni usalama, kumbe bakuli linalosubiri dakika 20 ndani ya oveni iliyozimwa linaendelea kupika, na mchuzi unashika kingo.

Oda ziandikwe kwenye mchoro wa viti, si kwenye orodha ya majina. Chora 1A hadi 3F, na kila kisanduku kiwe na kinywaji, chakula kikuu, chaguo la pili na alama ya anayelala. Chaguo la pili liulizwe pale pale kwa adabu: "Samaki akiwa amechaguliwa na wengi, ungependa nikuandalie kipi?" Ukiuliza kabla, umempa heshima, ukiuliza baada ya samaki kwisha, umempa mabaki. Kwa kawaida orodha ya abiria huonyesha nani husafiri nanyi mara kwa mara. Kwa Waluhya, firigisi ya kuku, kipande cha mwenye heshima, haiwekwi mezani ikagombaniwa. Aliyepika anajua ni ya nani. Soma orodha hiyo kwa jicho hilo, ujue mapema nani apewe nafasi ya kwanza kuchagua. Na majina yatamkwe na heshima zake, Mheshimiwa, Daktari, Bwana, Bi. Usimwite mtu "Mama" au "Mzee" hadi uone yeye mwenyewe anapendelea ukaribu huo.

Kupeleka na kuondoa

Anza na wa dirishani, kisha wa kando ya njia, usije ukapitisha sahani juu ya chakula cha mwenzake. Nyama iwe upande wa tumbo la abiria, wanga na mboga upande wa mbali, na ukingo wa sahani ufutwe kabla haujatoka jikoni. Kwetu mgeni hujaziwa sahani hadi kilele; hapa chakula huonekana kidogo, na ukarimu wako utauonyesha kwa kurudi na mkate mara ya pili bila kuitwa.

Kinywaji cha moto hakimiminwi juu ya mapaja ya mtu. Nyoosha trei ndogo, abiria aweke kikombe chake juu yake, ivute hadi njiani, mimina huko, mrudishie. Birika lisijae kupita theluthi mbili.

Toroli lililojaa linaweza kukaribia kilo 100. Pedali nyekundu hufunga breki, ya kijani huachia, na hata ukigeuka kuchukua kijiko kimoja, kanyaga nyekundu.

Katika kuondoa, omba ruhusa, usipangilie sahani juu ya sahani mbele ya macho ya mtu. Rudisha trei kuanzia droo za chini kwenda juu, toroli lisiwe zito kichwani. Glasi zirudi kwenye rafu zake. Glasi iliyolazwa kwenye droo ya vitambaa humkata mwenzako wa safari ijayo.

Kitafunio cha pili, kama kipo, kitoke dakika 90 kabla ya kutua, si 60. Ndege huanza kushuka dakika 25 hadi 30 kabla ya kutua, na kufikia hapo jiko liwe limefungwa: oveni zimezimwa na ni tupu, maji ya moto yamemwagwa, breki zimekanyagwa, kila komeo jekundu limegeuzwa. Lisukume kila toroli kwa kiganja uone kama linacheza. Kisha, kabla hujaketi, andika kwenye ripoti kilichopungua na kilichobaki kwa aina na idadi, "samaki 0, waliokosa 2, mboga zilizobaki 3", maana neno "upungufu" peke yake halimwambii mpishi wa ardhini apakie nini kesho.