Vijana, someni ubavu wa tairi kabla hamjashika bunduki ya hewa

Wiki hii nimemtazama dogo mmoja mwenye mikono mizuri kabisa akifunga matairi manne mapya kwenye gari la michezo. Mashine anaijua. Rimu hakuikwaruza hata chembe, balansi imesoma sufuri pande zote. Akafuta mikono, akarudi nyuma hatua tatu, akalitazama gari kama bwana harusi. Nikazunguka. Upande wa kushoto mishale ya ubavuni, ile inayoonyesha tairi lizunguke kuelekea wapi, yote inaelekea mbele. Kulia inaelekea nyuma. Amevalisha manne yote kwa upande mmoja, kama mtu aliyetoka nyumbani na viatu viwili vya kushoto, na neno ROTATION liko pale ubavuni kwa herufi kubwa.

Sikumfokea. Haya, nilimfokea kidogo.

Kinachonikera ni kwamba kosa hilo nililifanya mimi, akalifanya aliyekuja baada yangu, na sasa huyu. Kila mwaka tunapokea vijana werevu na kila mwaka matairi yaleyale yanazunguka kinyumenyume. Basi nayaandika. Mkiyarudia baada ya hapa, msininunie nikiwacheka.

1. Soma ubavu wote, usiishie kwenye saizi.

245/40 R18 mnaisoma hata usingizini. Mkifika 97Y mnafunga macho. Hiyo 97 ni kilo 730 kwa tairi moja, na Y ni kilomita 300 kwa saa. V ni 240, W ni 270. Gari likitoka kiwandani na Y, halishushwi kwenda V kwa sababu stoo imeishiwa. Mteja atakwambia, "Mimi mbona sikimbii hivyo?" Mjibu kwa upole kwamba ile herufi inahusu pia joto ambalo tairi linaweza kulihimili, na joto halingoji ufike 300.

Kuna na vialama vidogo ambavyo wengi wenu mnadhani ni urembo: N0 au N1 za Porsche, MO ya Mercedes, nyota ya BMW. Tairi linaweza kuwa na jina lilelile na kashata zilezile (michoro ya mpira unaogusa barabara), lakini lenye alama limeandaliwa kwa ajili ya gari hilo, na ndani yake mpira au mbavu zinaweza kuwa tofauti. Usichanganye lenye alama na lisilo nayo kwenye ekseli moja.

Namba nne za mwisho za ule mstari wa ubavuni unaoanza na DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 1423 ni wiki ya 14 ya 2023. Angalia zote nne kabla ya kufunga la kwanza, kwa sababu stoo huwa wanapenda kukuchomekea babu mmoja kati ya vijana watatu.

TREADWEAR ni namba ya tairi kustahimili kulika, na TREADWEAR 200 na TREADWEAR 500 hayafanyi kazi moja. Lenye 200 linashika lami kama mkopeshaji na linakwisha mapema, na mteja aambiwe hivyo kabla hajalipa, asije kuambiwa na tairi lenyewe. Ila msizilinganishe namba hizo kati ya kampuni na kampuni kana kwamba zimepimwa na mtu mmoja. Kila mtengenezaji hujipimia mwenyewe.

2. Piga hesabu ya kipenyo. Usikadirie kwa macho.

Hapa ndipo nilipoumia, kwa hiyo mnivumilie.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Wateja walikuwa wameanza kuniita fundi, na mimi nilikuwa nimeanza kuitika. Akaja mama mmoja na gari la michezo, la yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, 245/40 R18 mbele na nyuma, rimu za inchi 9. Matairi ya nyuma yalikuwa yamefika kwenye vile vizuizi vya milimita 1.6 vinavyoonyesha tairi limekwisha, ya mbele yamekwisha nusu. Akasema ya mbele yabaki, ya nyuma abadilishe, na kama inawezekana awekewe mapana kidogo, yajaze madigadi. Nikaingia stoo, nikatoka na 265/40 R18. "Arobaini kwa arobaini, kumi na nane kwa kumi na nane," nikamwambia. "Yanaoana."

Anayejua ameshaanza kucheka. Ile 40 si milimita, ni asilimia ya upana. Asilimia 40 ya 245 ni milimita 98. Asilimia 40 ya 265 ni 106. Ubavu uko juu na chini, kwa hiyo tairi zima limekua milimita 16: kutoka kipenyo cha 653 hadi 669. Kila mzunguko mmoja la nyuma linakwenda sentimita 5 zaidi. Hata kama ya mbele yangekuwa mapya, yangelazimika kuzunguka karibu mara 12 zaidi kila kilomita ili gari lisijikate katikati. Na hayakuwa mapya. Yalikuwa yameshapoteza milimita 4 za kashata, kwa hiyo tofauti halisi ilikuwa mizunguko 18 hivi kwa kilomita. Magari ya namna ile mara nyingi huruhusiwa tofauti ya milimita mbili tatu tu za kashata kati ya mbele na nyuma. Mimi nililipa 24 za kipenyo, kisha nikampungia mkono likiondoka.

Nyuma lilipendeza kweli, tena nililipiga picha.

Baada ya wiki tatu akarudi. Taa ya breki za ABS imewaka, na akikata kona kuingia maegesho gari linashtukashtuka na kuguna. Moyo wangu ulijua kitu. Sisemi ulijua hesabu, lakini ulijua kwamba gari lile lilikuwa zima hadi siku niliyoligusa mimi. Nikajifanya hamnazo. Nikasafisha sensa za magurudumu, nikafuta hitilafu kwa mashine, taa ikazima, nikamwambia ni vumbi. Akanishukuru. Hilo la kushukuriwa ndilo linaloniuma hadi leo kuliko mengine yote.

Akarudi mara ya tatu na harufu. Mliowahi kunusa mafuta ya klachi ya katikati yaliyoungua hamtaisahau. Ile klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kazi yake ni kuteleza kidogo gari linapokata kona. Mimi nilikuwa nimeipa kona isiyokwisha: hata kwenye barabara iliyonyooka kama rula, yenyewe ilikuwa inateleza saa zote. Unajua nilimwambiaje? Nilimwambia gari lina umri, haya mambo hutokea.

Bosi wangu, mzee asiyependa maneno, alisikia akiwa chini ya gari lingine. Akatoka, akachukua chaki, akachora mstari kwenye tairi la mbele na mwingine kwenye la nyuma, yote mawili yakigusa sakafu, akatuambia tusukume polepole huku yeye anahesabu mizunguko ya nyuma. Kumi. Mita 21 hivi. Mstari wa nyuma ukarudi chini sawasawa. Wa mbele ulikuwa umepitiliza zaidi ya theluthi ya mzunguko. Akaniwekea chaki kiganjani, akarudi chini ya gari lake.

Nikamweleza yule mama yote, nikianzia stoo. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: "Mara ya kwanza niliporudi, ulikuwa unajua?" Nikasema sikujua. Kisha nikasema nilihisi. Akatikisa kichwa, akakaa kwenye benchi kusubiri simu ya mtu wa kumchukua, na ile nusu saa niliyokuwa nafagia sehemu iliyokwisha kufagiliwa ndiyo ndefu kuliko zote nilizowahi kufanya kazi. Klachi tulinunua sisi, na mshahara wangu ukawa unakuja umekonda kwa miezi mingi. Yeye hakurudi tena, na sina la kumlaumu.

Hesabu yenyewe haichukui dakika: upana mara asilimia, mara mbili, jumlisha inchi za rimu mara 25.4. Ningekuwa nimetafuta 265/35 R18 ningepata 643, nayo nisingeifunga kwenye gari lile, lakini angalau ningekuwa nimejua ninachokataa.

3. Rimu ikibadilika, usisahau ET.

ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso wake unaokaa kwenye gari. Kutoka ET45 kwenda ET35, kwa rimu ya upana uleule, gurudumu linatoka nje milimita 10. Kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, pitisha vidole kati ya tairi na shokapu, kisha shusha gari chini uangalie tena, kwa sababu likiwa juu ya jeki kila kitu kina nafasi.

Shimo la katikati ya rimu nalo likiwa kubwa kuliko habu, yaani kitovu ambacho rimu inakalia, weka ringi yake. Mtetemo wa kilomita 110 kwa saa ambao balansi tatu zimeshindwa kuuondoa, mara nyingi ni huo, au ni kutu kwenye uso wa habu ambayo mtu aliona uvivu kuipiga brashi. Namjua mtu huyo.

4. Kwenye mashine.

Sensa ya presha iko nyuma ya valvu. Anza kubandua mdomo wa tairi mbali na hapo. Ukisikia kitu kimelia "ka", umeshainunua.

Tairi lenye OUTSIDE na INSIDE, neno OUTSIDE litazame nje ya gari, kulia na kushoto. Lenye mshale, lifuate mshale. Doa la njano liweke karibu na valvu. Mkishindwa hayo matatu, njooni mniamshe hata nikiwa nimelala.

Mafuta ya kulainisha mdomo wa tairi yawe kiasi. Kuna kijana aliyamwaga kama anapika, mteja akatoka hapo, akakanyaga mafuta yote kwenye gari la nguvu kubwa, tairi likazunguka juu ya rimu. Balansi yote ikapotea, na sisi tukashinda siku nzima tukiilaumu mashine. Tangu hapo nachora chaki ndogo kwenye tairi na rimu, zikitazamana. Mteja akirudi na mtetemo, naangalia chaki kwanza. Ndiyo, chaki ileile. Kipande kimebaki cha kidole kimoja na hakiazimwi.

5. Presha ni ile ya kibandiko cha mlangoni, tairi likiwa la baridi. Ile iliyoandikwa ubavuni ni kikomo. Gari limetoka kukimbia, unapima, unakuta limepanda, unapunguza: hapo umemtuma mteja aamke kesho na matairi laini.

6. Alaimenti, yaani kupanga pembe za magurudumu, baada ya matairi mapya. Mnisikilize, kwa sababu hapa mnaona haya kumwambia mteja aongeze hela. Tairi la michezo lina mpira laini. Miguu ikiwa imekaa ndani au nje kwa nyuzi kidogo tu, linaliwa upande mmoja, na ukiwa ule wa ndani mwenye gari haoni hadi waya zichungulie. Tena ya zamani yanawaeleza kila kitu kabla hamjayatupa. Pitisha kiganja juu ya kashata, kwenda na kurudi. Kama upande mmoja unakwaruza kama msasa na mwingine ni laini, gari limeshawaambia ugonjwa wake. Mnayatupia kwenye lundo bila hata kuyasalimia.

7. Mwambie mteja matairi mapya yanateleza.

Uso wake una mabaki ya dawa ya kutolea kwenye umbo kiwandani. Kilomita mia chache za kwanza aende kistaarabu, hasa kwenye mvua. Akiwa amenunua mawili tu, mapya yaende nyuma, hata kama gari linavuta mbele, na hata kama atabishana. Atabishana. Na kama anaishi penye baridi kali, tairi la majira ya joto chini ya nyuzi 7 linakuwa gumu kama sabuni ya kipande.

8. Kukaza.

Bunduki ya hewa ni ya kufungulia. Kukaza, anza kwa mkono, nati zote ziingie nyuzi tatu nne, kisha mfano wa nyota, gari liguse chini, umalizie na toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza. Magari mengi yako kati ya 100 na 140 Nm, ndicho kipimo cha nguvu hiyo. Porsche 911 za miaka ya karibuni ni 160, na ile nati moja ya katikati ya GT3 inadai 600, kwa hiyo usiniambie unaijua kwa mkono. Hakuna mtu mwenye toki renchi kwenye bega lake. Nyuzi usizipake grisi kama kitabu cha gari hakijasema, maana namba ileile kwenye nati yenye grisi inavuta bolti kupita kiasi. Mwambie mteja arudi baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe upya. Wengi hawarudi. Wapigieni simu.

Yule dogo wa mishale, kwa taarifa yenu, ameyavua mawili ya kulia na kuyageuza kabla sijamaliza kufoka, akayapiga balansi upya, akaenda kukaza. Aliponiuliza namba ya toki, nilifurahi hadi nikasahau nilichokuwa nataka kumwambia. Kisha tukaenda kuchukua toki renchi ubaoni, na msumari ulikuwa mtupu. Aliyeondoka na toki renchi yangu airudishe leo, ikiwa imelegezwa hadi alama ya chini kabisa ya kipimo chake kama nilivyowafundisha, na sitauliza ilikuwa wapi.