Waya wa hadwea unatosha spika zako

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ameniandikia akitaka kujua kama akope pesa anunue waya wa spika ambao muuzaji mmoja mjini amemwambia utaifungua sauti. Ndugu yangu, usikope.

Spika zangu hapa Donholm zinalia kwa waya wa kawaida wa shaba, milimita mraba 2.5, niliokatiwa kwa mita hadwea. Siku niliyoubeba kupita barabara ya Luthuli mjini, kijana wa duka fulani la muziki alinicheka mbele ya wateja wake, eti naweka waya wa taa kwenye spika nzuri. Yaliniuma, na hadi leo nikipita pale nakaza mwendo. Lakini Jumamosi iliyopita alikuja shemeji yangu, fundi wa mitambo ya sauti kanisani kwao. Nikamwekea rumba. Akasikiliza besi, akasikiliza gitaa la pili, kisha akainama nyuma ya kabati atafute waya. Alipouona aliniuliza tu, mita ni pesa ngapi?

Waya kazi yake ni kupitisha umeme bila kuuzuia. Mita 5 za waya huo, kwenda na kurudi, zina ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme, kinachopimwa kwa omu) wa takriban omu 0.07, na spika nyingi za nyumbani ni omu 4 hadi 8. Sauti ipotelee wapi hapo? Angalia unene na urefu, bei iache.

Kitu cha kuogopa ni alumini iliyovikwa shaba juu, maana imejaa madukani. Kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona weupe ndani, mrudishie mwenyewe. Ni mwepesi mkononi, na ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya shaba halisi.

Ukifunga, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Ukigeuza moja, besi inakonda. Nyuzi za kila upande zisokote vizuri, za nyekundu zikigusana na za nyeusi amplifaya inaweza kuungua.

Jamani, tuache kununua majina. Kodi inatungoja, karo inatungoja, halafu mtu anakopa kwa ajili ya waya! Pesa hiyo iweke kwenye spika zenyewe. Na wewe wa Umoja, umesema sebule yako ni vigae vitupu na sauti inagonga kuta: anza na zulia na mapazia mazito.